Wasifu wa Marehemu Gregori Eliudi Nampoto, Fundi wa Gia Aliyekataa Kuziba Taa

Marehemu Gregori Eliudi Nampoto alizaliwa tarehe 3 Agosti 1983 hapa Likunja, wilayani Ruangwa, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Eliudi Nampoto na mama Makrina. Tarehe hiyo ni ya kwenye cheti cha ubatizo. Mama yake anachokumbuka ni kwamba ufuta ulikuwa umeshapukutwa, na kwamba mtoto alitoka amekunja ngumi mkono wa kulia. Mkunga akasema, "Huyu ameshika kitu, na hataki kukiachia." Mkunga hakukosea.

Alisoma shule ya msingi kijijini hapa kuanzia mwaka 1992 hadi 1998. Hesabu alizipenda, insha alizikimbia. Alipokuwa darasa la sita, katekista alimletea baiskeli yake, mnyororo ulikuwa unaruka. Gregori aliutengeneza siku ya Jumamosi. Jumapili asubuhi katekista akaja kuichukua, akamkuta kijana anapanda nayo kilima, nyuma amefunga gunia la mihogo. "Leta baiskeli, Misa inaanza!" Gregori akamjibu kutoka kule juu, "Mwambie Padri asubiri, haijajaribiwa na mzigo." Misa ilichelewa siku hiyo, na baba yake alimchapa. Lakini mnyororo ule haukuruka tena mpaka katekista anakufa. Ndivyo alivyokuwa. Kazi ambayo haijajaribiwa na mzigo, kwake ilikuwa haijaisha.

Mwaka 2002 alikwenda Dar es Salaam, akapokewa na fundi Harithi, aliyekuwa anatengeneza gia za otomatiki. Alikaa kwake miaka tisa. Mwaka 2011 alirudi akafungua karakana Nachingwea mjini, nyuma ya maghala ya korosho. Wakati ule watu walikuwa wanasema gari la otomatiki ni la mjini, huku kwetu litakufa. Yakaja mengi, na yakafa kweli, na aliyeyafufua alikuwa Gregori peke yake. Alikuwa na laptopu yake, na waya wa kuichomeka kwenye gari, akawa anazungumza na kompyuta ya gari kama mtu anavyozungumza na mkwe, polepole.

Tarehe 27 Julai 2013 alifunga ndoa na Prisca, mwalimu aliyepangiwa kazi Nachingwea kutoka Songea. Mama yake Gregori hakumtaka, alisema mwalimu hawezi jembe. Prisca akaja Likunja likizo ya kwanza, akapalilia ekari nzima. Habari ya jembe ikaishia hapo. Walijaliwa watoto wawili, Magreti na Dickson.

Sasa lipo jambo ambalo wengi mliopo hapa mnalijua nusu. Mama yake ametaka lisomwe lote, kabla udongo haujarudi.

Mwezi Oktoba 2022, Idd, ambaye ni mtani wa ukoo huu tangu enzi za babu zao, alimletea Gregori pikapu yake ya otomatiki ya kubebea korosho. Konveta ilikuwa imeungua. Konveta ni kile kidude cha duara kinachopokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye gia. Gregori aliagiza kwa Harithi konveta yenye nguvu zaidi ya ile ya kiwandani, kwa sababu aliijua mizigo ya Idd. Akaifunga. Gari likavuta. Akamwambia Idd, "Niachie siku mbili na mzigo wako juu. Kompyuta haijaizoea hii konveta, lazima niifundishe." Idd akasema msimu haumngoji mtu, akaondoka na gari lake.

Siku ya nne, akiwa Chunyu amejaza magunia, taa ya injini ikawaka. Akatafuta mtu mwenye mashine ya kusoma gari, mashine ikasema konveta inateleza. Idd alilisimamisha gari sokoni Ruangwa, akampigia Gregori simu aje, na Gregori akaja na bodaboda. Sokoni kumejaa watu.

"Jamani njooni muone!" Idd akapaza sauti. "Mtani wangu kanitengenezea gia, kaniongezea na taa ya disko bure! Huyu ndiye Fundi Taa!"

Watu wakacheka. Gregori naye akacheka. Mtani hachukiwi, hiyo ndiyo mila, na mtu akichukia ndiyo anakuwa mjinga zaidi. Alisema tu, "Idd, gia ni nzima. Nipe siku mbili."

"Siku mbili ukafundishe wanao, mtani. Mimi nina korosho."

Fundi mwingine pale pale alikata kipande cha tepu nyeusi ya umeme, akakibandika juu ya taa. Idd akampa mkono, "Umeona? Dakika moja!" Akaondoka. Jina likabaki.

Jioni hiyo Gregori alilala Likunja. Mama yake akamwuliza, "Kama gia ni nzima, hiyo taa inawakia nini?"

"Mama, wewe umepikia chungu cha udongo miaka yote. Nikikuletea sufuria nene la chuma, maji yakachelewa kuchemka, utasema nini?"

"Nitasema kuni mbichi."

"Ndiyo hivyo. Kuni ni kavu, sufuria ndilo jipya. Kompyuta inahesabu jinsi konveta ya zamani ilivyokuwa inashika. Hii mpya inashika kwa namna yake. Kompyuta inaona hesabu haikubali, inapiga kelele inateleza, inateleza. Haitelezi. Ni mimi nibadilishe hizo hesabu kidogo, niendeshe na mzigo, nitazame, nibadilishe tena."

"Si uizibe tu kama yule mwenzio?"

"Siku kuni zikiwa mbichi kweli, mama, nani atakwambia?"

Mama yake akasogeza kuni mekoni.

Toka hapo kazi ikapungua. Waliokuwa na magari walikuwa sokoni siku ile, au walihadithiwa. Mtu akija karakana anauliza kwanza, "Taa haitawaka?" Gregori anamwambia ukweli, kwamba ukibadilisha konveta inaweza kuwaka mpaka kompyuta ifundishwe, na kufundisha ni siku mbili. Mtu anaaga. Kwa mwenzake mwenye tepu ni dakika moja. Prisca alimsihi, "Baba Magreti, bandika na wewe." Alikataa. Kufikia masika ya 2023 majani yalikuwa yameota hadi kwenye shimo la kuingilia chini ya gari.

Mwezi Aprili 2024 alianza kuvimba miguu. Vipimo vikaonyesha figo zote mbili zimechoka. Alipelekwa kusafishwa damu hospitali ya mbali, akirudi amelegea, akienda tena. Kitandani hakuzungumzia figo. Alizungumzia gari la Idd. Alisema anataka amalizie kazi ile moja, basi.

Novemba mwaka jana mama yake alipanda bodaboda na umri wake huo, kutoka Likunja mpaka Nachingwea, kwa Idd.

"Karibu mama Makrina. Chai?"

"Sikufuata chai. Gari lako limewahi kulala njiani tangu mwanangu aliguse?"

"Halijawahi."

"Linapanda vilima na magunia?"

"Linapanda, mama."

"Basi kaseme hivyo sokoni, pale pale mlipochekea."

Idd akatabasamu. "Mama, ule si utani tu? Watu wameshasahau."

"Hawajasahau. Nimeshuka stendi nimeuliza kwa Gregori, nikaambiwa hatumjui. Nikasema fundi wa gia, ndipo wakasema aa, Fundi Taa."

Idd akainama. Akasema msimu ukiisha atalileta gari lifundishwe, tena atamleta na shekhe wake ashuhudie. Msimu uliisha. Gregori aliiweka laptopu kwenye chaji Januari yote. Gari halikuja.

Alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Nachingwea, Prisca akiwa amemshika. Mkono wa kulia haukuwa umekunja ngumi. Mama yake aliutazama.

Maneno yanayofuata yameongezwa jana Ijumaa, steshenari ikiwa inataka kufunga. Kwa mila zetu, mtani ndiye hubeba. Kwa hiyo aliyekuja kumleta marehemu Likunja ni Idd, na gari ni lile lile. Mama yake alisimama mlangoni mwa gari, akazuia jeneza lisipakiwe.

"Toa hiyo tepu."

"Mama, twende, jua linapanda. Ulikuwa utani."

"Utani una mwisho wake, nao ni kaburi. Toa."

Idd aliibandua kwa kucha. Ilikuwa imeganda. Chini yake taa ilikuwa inawaka, rangi ya chungwa, kama ilivyowaka siku ile ya kwanza. Iliwaka njia nzima kutoka Nachingwea mpaka hapa. Gari lilipanda kila kilima na jeneza na watu kumi na mmoja bila kushtuka wala kuvuta pumzi. Idd hakusema neno njia nzima, wala hajasema mpaka karatasi hii inachapwa. Mtani ana ruhusa ya kusema msibani, hakatazwi na mtu. Mama yake anangoja, lakini hana matumaini makubwa.

Gari liko pale nje. Anayetaka kuiona taa akaione. Inasema uongo bado, na itaendelea kusema. Hesabu za gari lile, alizozianza siku ya kufunga konveta, zimo kwenye laptopu, zimefika nusu. Prisca anaiwasha, zinatokea, na hakuna mtu Nachingwea wala Ruangwa anayejua kuzisoma. Aliyejua ndiye huyu tunayemfukia.

Marehemu ameacha mjane, Prisca; watoto wawili, Magreti na Dickson; mama mzazi, Makrina; na dada zake wawili.

Apumzike kwa amani Gregori, yeye na jina alilopewa kwenye ubatizo.