Asilimia Thelathini na Paa la Mama Mkwe

Benchi letu ni mbao mbili zilizolazwa juu ya ndoo nne za rangi, na mimi fundi viatu ndiye mwenyeji, kwa kuwa meza yangu iko hapo mwaka wa tisa sasa. Wakaaji wake nawajua kwa soli zao. Msumari, fundi wa kuezeka, soli zake zina matundu ya misumari anayoiangusha na kuikanyaga mwenyewe. Dishi, anayefunga madishi ya televisheni, raba zake zimelika upande mmoja kwa kusimama juu ya ngazi na kuta za watu. Mwalimu Desimali amestaafu kufundisha hesabu na viatu vyake havina kosa, hasara tupu kwangu. Mama Birika, anayetuuzia kahawa, huvaa ndala na hataki ushauri. Asubuhi hiyo, kama asubuhi zote za wiki tatu zilizopita, mjadala ulikuwa uleule: Msumari aezue paa la mama mkwe wake leo, au asiezue? Paa lilikuwa bovu, msimu wa mvua ulikuwa unabisha hodi, na mabati mapya yalikuwa yamelala uani kwa mama, nyumba ya tatu kutoka benchini. Msumari alikuwa anangoja simu yake imwandikie sifuri.

— Leo ni thelathini, — akasema, macho kwenye kioo cha simu. — Asilimia thelathini ya mvua. Jana ishirini, juzi kumi.

— Si ungeezua juzi? — Mama Birika akamuuliza.

— Kumi nayo ni mvua. Haraka haraka haina baraka.

— Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Shika kikombe chako.

— Tumbo lenyewe linaloumia ni la mama mkwe, — nikasema. Msumari akanitazama vibaya, akanywa.

Dishi alikuwa anasubiri zamu yake kwa shida.

— Mnaongea tu. Mnajua hiyo thelathini inatoka wapi? Satelaiti! Mimi nimefunga madishi zaidi ya mia nne mji huu, hakuna wa kunidanganya juu ya mambo ya huko. Ile kitu inatutazama saa zote. Inaona wingu, inaona watu kumi barabarani, inapiga hesabu: watatu watalowa. Tatu kwa kumi, thelathini.

— Na inawajua hao watatu? — nikauliza.

— Wasio na mwavuli. Nyota njema huonekana asubuhi.

— Sasa methali hiyo inahusu nini hapa?

— Satelaiti si nyota? Na sasa hivi si asubuhi?

Mwalimu Desimali akakohoa, kikohozi kile cha zamani cha kunyamazisha darasa. Binti yake wa mwisho anafanya kazi ofisi ya hali ya hewa, na kila Jumapili humpigia simu baba yake akamsomesha, kisha Jumatatu baba anatusomesha sisi.

— Satelaiti haihesabu watu, — akasema. — Inapima mwanga na joto linalotoka huku chini na kwenye mawingu, wataalamu wakakadiria unyevu uliopo. Hapo ndipo hesabu inaanza. Tazameni hivi vitofali vya barabara. Chukulieni hewa ya dunia nzima imekatwa vyumba namna hii, na kila chumba kina ghorofa hadi juu kabisa. Kila chumba kimeandikiwa joto lake, unyevu wake, upepo wake.

— Nani kaenda kuandika vyote hivyo? — Msumari akauliza.

— Vipimo vya ardhini, meli, ndege, maputo yanayorushwa, na satelaiti kwa kule ambako hakuna mtu. Kisha kompyuta inapita chumba kwa chumba. Wewe, jirani wa kushoto anakupulizia nini? Wa kulia je? Basi baada ya dakika chache utakuwa na hali gani? Ikishajibu vyumba vyote, inaanza upya. Hatua kwa hatua, mpaka kesho.

— Umbea huo, — Mama Birika akasema. — Jirani kumuulizia jirani.

— Umbea wenye hesabu.

— Na jirani wa kwanza akidanganya?

Mwalimu akafurahi kama kapata mwanafunzi. — Hapo ndipo penyewe! Kosa dogo linahama chumba hadi chumba, linanenepa. Ndiyo maana hawahesabu mara moja. Wanahesabu mara hamsini, kila mara wakigusa ule mwanzo kidogo tu, kwa sababu mwanzo kamili hakuna anayeujua. Leo, kati ya hizo hamsini, kumi na tano zimeleta mvua. Kumi na tano kwa hamsini ni ngapi?

Akatutazama mmoja mmoja.

— Thelathini kwa mia, — akajijibu kwa huzuni.

— Kwa hiyo thelathini na tano zimesema kukavu? — Msumari akauliza.

— Ndiyo.

— Si nizifuate hizo basi?

— Zifuate.

— Na zile kumi na tano?

— Nazo zipo.

— Mnaona? — Msumari akatugeukia sote. — Ndiyo maana sipandi.

Dishi akaulizia ukubwa wa chumba kimoja. Mwalimu akasema cha kwetu labda kilomita kumi kwa kumi, na chote kinapewa jibu moja.

— Yaani sisi, soko, uwanja wa mpira na makaburi, wote chumba kimoja? Hapo tumeonewa. Makaburini hunyesha sana, kila mtu anajua. Hiyo thelathini ni yao.

Msumari alikuwa ameshika kidevu. Nilipomwona anainuka taratibu nikajua ameshaambukizwa ugonjwa wa Dishi.

— Ngojeni. Hebu ngojeni kwanza. Satelaiti inapima mwanga, si ndivyo? Mabati yangu mapya yamelala uani wiki ya tatu, yanang'aa mpaka kuku wanayakimbia. Sasa huyo aliye juu akitazama hapa anaona nini?

— Bati, — nikasema.

— Maji! Anaona ziwa! Anaandika kwenye chumba chetu, hapa pana ziwa. Ziwa lina unyevu, unyevu unaleta wingu. Juzi kumi, jana ishirini, sasa thelathini. Mabati ndiyo yanajinyeshea!

— Funika na turubai! — Dishi akapiga goti lake. — Mficha uchi hazai!

— Mficha uchi anaingiaje tena? — nikauliza.

— Si umesema afunike?

— Umesema wewe!

Mwalimu alikuwa ameshika kichwa. Mama Birika akapuliza mkaa wake, mvuke ukapanda kutoka kwenye birika, akautazama mpaka ulipopotea.

— Na mimi je? — akasema polepole. — Ninachemsha hapa tangu alfajiri, siku sita kwa wiki. Huo mvuke wote unakwenda wapi? Mimi peke yangu siwezi kukosa asilimia mbili.

Kwa bahati mbaya, wakati huo huo simu ya Msumari ikalia. Utabiri ulikuwa umeandikwa upya.

— Thelathini na tano, — akasoma.

Tukaligeukia birika.

— Zima jiko, mama, — Dishi akasema. — Tunakuomba kwa heshima zote.

— Nizime jiko langu kwa sababu ya simu ya nani?

— Kikulacho ki nguoni mwako!

— Nguoni mwangu kuna kanga tu, na ukiendelea utaijua ladha ya kibao.

Mwalimu alikuwa anajaribu kueleza kwamba vipimo vipya vimeingia na hesabu imerudiwa, kwamba birika halina hatia. Hakuna aliyekuwa anamsikiliza, tunacheka mpaka benchi linayumba. Nakiri nilikuwa nimefurahi. Hakuna mahali duniani ninapopapenda kama pale, saa ile, watu wazima wanapomshitaki mwanamke kwa kosa la kuchemsha maji.

Ndipo mama mkwe akafika.

Ni mshonaji wa sare za shule, futi ya kupimia iko shingoni mwake tangu aamke mpaka alale. Msumari aliruka kama kaungua, kikombe akakipeleka nyuma ya mgongo. Mkwe hanywi kahawa kwa kujinafasi mbele ya mama mkwe, hasa mkwe mwenye deni la paa.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, baba. Hamjambo nyote. Nawasikia kutoka kwangu. Thelathini na tano ya nini?

Mwalimu akamweleza kuanzia vitofali: vyumba, satelaiti, hesabu hamsini. Mama alisikiliza vizuri, bila kumkatiza, vidole vikipita kwenye futi yake. Mwalimu akapata nguvu, akaeleza kuliko alivyotueleza sisi.

— Nimeelewa, — mama akasema. — Sasa nikuulize, mwalimu. Ikitokea ndiyo siku ya zile zenye mvua, nami sina paa, nitalowa thelathini na tano, au nitalowa yote?

— Yote, mama. Mvua ikishafika hainyeshi kwa asilimia.

— Haya. Na ikitokea siku hiyo hiyo, nami niko chini ya paa hili nililo nalo, nitakuwa mkavu?

Mwalimu akainamia vitofali vyake. Dishi akaanza kufunga kamba ya raba ambayo haikuwa imefunguka. Sisi sote tuliwahi kuingia katika nyumba ile. Cherehani imehamishwa pembe zote nne, sare za watoto zinaning'inia chini ya nailoni, na mabeseni tisa yamepangwa sakafuni na Msumari mwenyewe. Niliona aibu. Wiki tatu nilikuwa naezeka nyumba ya mjane kwa mdomo.

— Mama, — Msumari akasema, — si mvua.

— Najua si mvua.

— Paa lile alilipiga marehemu mzee, mumeo. Ndiye aliyenishikisha nyundo mimi. Likivuja leo, watu watasema limezeeka, basi. Langu likivuja, watasema hivi ndivyo alivyomrithi.

Sikuwahi kumsikia Msumari akisema maneno kama hayo, na namjua tangu hajaoa.

— Likivuja nitakuita uje uzibe, — mama akasema. — Utakuwa unaishi wapi, mwezini? Na wewe huyo mzee unamjua wa uzeeni. Siku anaezeka ile nyumba ilinyesha saa nane mchana, amefika nusu. Alitukana mpaka mawingu yakaona haya. Mkeo alikuwa mgongoni kwangu. Tukajibana watatu chini ya ile nusu, tukala mihogo ya kuchemsha na chumvi, tunaitazama mvua inanyesha sebuleni. Nimeishi miaka thelathini na sita chini ya paa zima, lakini ile nusu niliipenda zaidi.

Msumari akakileta kikombe mbele, akasahau kukificha.

— Nusu, — akasema. — Upande wa kitanda na cherehani kwanza. Natoa bati tatu, naweka tatu, ndipo naenda kwenye nyingine. Hata ikija, inanikuta na pa kukimbilia.

— Na wiki tatu zote hizi hukuliona hilo? — Mama Birika akamuuliza.

— Nilikuwa naangalia simu.

Mwalimu akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza yangu. Mimi nikafunga sanduku la gundi. Msumari alikuwa ameshaanza kutembea, amebeba nyundo mbili, akituhesabu nani atashika nini. Dishi peke yake alibaki benchini na simu ya Msumari, akaiangalia, akapiga kelele kutoka pale pale alipo.

— Jamani, imepanda tena! Arobaini!

Mama mkwe hata hakugeuka.

— Kama ni arobaini, — akasema, — njoo na ngazi mbili.