Kalkulasi ya Trizah na Benchi Langu

Chumba changu hapa Kongo, mtaani Kawangware, ni mabati matupu, na benchi langu limeegemea mabati hayo. Kahawa nauzia nje kwa sababu ndani hakuna dirisha. Hata saa nne asubuhi lazima niwashe koroboi. Benchi lina wenyewe watatu. Okello tunamwita Ziwa, maana kwake kila jambo huanza na samaki. Wepukhulu ni fundi wa mawe, jina la mtaa Pimamaji, kile kifaa cha kunyooshea ukuta, ingawa kuta zake nimeziona. Gachanja ni Bunge: hawezi kukuuzia shati la mitumba bila hoja ya nidhamu. Desemba hiyo ya tisini na tatu kazi ilikuwa haba, kwa hivyo wakaamua kumsaidia mjukuu wangu.

Trizah alikuwa anaingia fomu foo. Mwalimu amesema shule ikifunguliwa Januari kuna mtihani. Atakayepita anaingia darasa la hesabu ya juu, kalkulasi; atakayeanguka asahau uinjinia. Msichana akaazima kitabu, akakataa kwenda ocha, kule kijijini, Krismasi, akajifungia ndani. Mimi niliachia darasa la pili, basi nikauliza benchi kalkulasi ni nini. Afadhali ningeuliza mbuzi.

— Ni hesabu ya kitu kisichotulia, akasema Bunge. Kama bei ya unga. Ukiingia foleni ni hii, ukifika mbele ni ingine. Kalkulasi inakuambia ni ngapi ukiwa hapo katikati.

— Na ukishajua? nikauliza.

— Unalala njaa, lakini unajua.

Ziwa akasema kwao watoto wa hesabu hulishwa vichwa vya samaki. Tena wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, kwa hivyo Trizah amle mbichi. Pimamaji akamwangalia kwa huruma.

— Samaki haiwezi hiyo. Kwetu kijana akienda kutahiriwa anapelekwa mtoni alfajiri, anapakwa matope baridi, mwili unakufa ganzi, haogopi kitu. Trizah apakwe siku ya mtihani.

— Trizah ni msichana, nikasema.

— Shosho, tunapaka kichwa tu.

Bunge akasimama na hoja ya nidhamu: matope ya Kongo yanatoka mtaroni, mtoto ataingia mtihani akinuka. Wakazozana hadi wakakubaliana matope yatolewe Riruta, mtaa wa jirani. Hapo Bunge akakumbuka kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kalkulasi ni mgeni, kwa hivyo Trizah asome siku mbili halafu aende ocha akalime. Isitoshe, kitabu chenyewe amekiona, kimejaa herufi. Nambari za nchi zimeisha, zote zimetumika kwa bei.

Ziwa akapinga. Pimamaji akagonga bati kwa ngumi ili asikizwe. Ndani Trizah akakohoa moshi wa koroboi, na Pimamaji akasema mnaona, kifua tayari kimeingiwa na hesabu.

Ndipo akaja Sella, mpangaji mpya wa mlango wa pili, na kikombe chake mkononi. Akasimama kusikiza habari ya matope mpaka ikaisha. Akauliza:

— Na huyo mtoto anasomea wapi?

Ziwa akaangalia kahawa yake. Pimamaji akaushusha mkono kutoka kwa bati polepole, kama mtu aliyeshikwa mfukoni mwa mwenzake.

Nikamjazia Sella kikombe. Kisha nikainua birika, nikawaambia wale watatu kahawa imeisha.

— Shosho, birika si inatoa mvuke? akauliza Ziwa.

— Macho yako ndiyo yanatoa mvuke. Inuka.

Wakainuka. Nikagonga mlango, Trizah akatoka na kitabu, akafinya macho kwa jua, akaketi mahali pa Pimamaji ambapo mbao ilikuwa bado na joto.

Bunge alikuwa wa mwisho kuondoka. Akaniuliza kama wanaweza kurudi jioni. Nikamwambia aulize mwenye benchi.

Akamgeukia Trizah. Trizah akafungua ukurasa mwingine.