Pampu Yenye Uzi Mwekundu

MFAMASIA: Haloo? Nani huyo?

DADA: Ni mimi dada yako. Simu ya jirani hii, salio lake la kubahatisha, kwa hiyo nisikilize—

MFAMASIA: Dada! Mko wapi? Viti vyenu viko mstari wa mbele. Mgeni rasmi ameshafika, na anataka kumpa mkono mama. Ameona picha yake pale getini.

DADA: Picha gani?

MFAMASIA: Si ile akitumbukiza pampu yake ya pumu kwenye sanduku! Mgonjwa wa kwanza kurudisha. Tumeikuza, imekuwa bango zima.

DADA: Mama haji.

MFAMASIA: Haji? Dada, usinifanyie hivyo leo. Hospitali nzima inajua kwamba mama wa mfamasia— Ngoja, sogea kidogo, mtandao wenu unapiga filimbi.

DADA: Nimesogea hadi kichwani mwa kitanda.

MFAMASIA: Bado inapiga. Kwa nini haji?

DADA: Pumu imembana tangu alfajiri.

MFAMASIA: Mpe ile dawa mpya, ya unga.

DADA: Nimempa.

MFAMASIA: Mpe tena. Mwambie avute kwa nguvu, mara moja, kama anayenyonya—

DADA: Nguvu ataitoa wapi? Mzee wa miaka ile, kifua kimebana, wewe unamwambia avute kwa nguvu! Pampu ya zamani ilikuwa inampulizia yenyewe.

MFAMASIA: Na inapuliza gesi inayopandisha joto la dunia. Nilishawaeleza. Pampu moja tu—

DADA: Ulieleza. Hata mwenye duka la mkaa anaweza kulikariri somo lako. Hao wagonjwa wengine, kabla ya kuwapa unga, uliwapima pumzi?

MFAMASIA: Wote. Kuna kifaa, mtu anavuta, tunaona kama anaiweza. Asiyeiweza tunamwachia pampu yake. Ndiyo kanuni.

DADA: Na mama?

MFAMASIA: Mama alikuwa wa kwanza kurudisha, dada.

DADA: Nakuuliza wewe. Mama ulimpima?

MFAMASIA: Mama alisema anaiweza.

DADA: Alisema! Mama angesema anaweza kubeba hospitali kichwani ukimwomba. Unga ulikuwa unabaki kwenye kifaa, ananificha, anaupangusa kwa kanga. Leo ndiyo nimeona.

MFAMASIA: Mungu wangu... Dada, mlete hapa. Mapokezi wana mashine ya mvuke.

DADA: Hataki. Nimemwita dereva, mama amempungia mkono arudi. Hawezi kuingia kwa mwanawe anatweta mbele ya wageni, chini ya picha yake mwenyewe. Maduka ya dawa nimezunguka, hawana. Lete pampu.

MFAMASIA: Stoo haimo hata moja. Nilizirudisha zote.

DADA: Ya mama ilikuwa nusu. Alifunga uzi mwekundu isichanganyike na za watu.

MFAMASIA: Iko kwenye sanduku la kioo. Hapa mbele ya jukwaa.

DADA: Ufunguo anao nani?

MFAMASIA: ...Mimi.

DADA: Basi!

MFAMASIA: Linafunguliwa mwisho wa sherehe, dada, mbele ya kamera. Nikilifungua sasa nitasema nini? Kazi yenyewe si mbaya, unajua si—

DADA: Sijasema mbaya. Dunia ipumue, sawa. Na mama?

MFAMASIA: Sikusikii vizuri. Hiyo filimbi! Kateni simu mpige upya—

DADA: Siyo mtandao hiyo.

MFAMASIA: Nini?

DADA: Hicho ni kifua cha mama. Simu iko spika, iko juu ya mto wake. Anakusikia tangu ulipouliza ni nani.

(Filimbi.)

MFAMASIA: Mama?

MAMA: Baba... dawa yako... nzuri.

MFAMASIA: Usiongee, mama. Nakuja.

MAMA: Usi... fungue... sanduku. Watu... wanakuangalia.

DADA: Umemsikia? Fungua!

MFAMASIA: Naiona. Ile ya uzi mwekundu naiona kabisa, iko juu juu—

(Kipaza sauti kwa mbali. Makofi.)

DADA: Nini hicho?

MFAMASIA: Wananiita. Dada, nipande mara moja tu, niseme asante, nishuke nayo—

DADA: Asante kwa nani?

MFAMASIA: Wamesimama wote, siwezi kuwapa mgongo. Dakika moja, nakuapia, halafu— Dada?

(Kimya.)

MFAMASIA: Dada, mbona filimbi siisikii? Haloo? Mama? Haloo! Nalifungua, nalifungua sasa hivi, ufunguo huu hapa. Sema kitu basi. Salio limekwisha? Dada, niambie ni mtandao.