Evarista na Kihenge cha Mlali

Wasikilizaji wapendwa, leo sina utani. Evarista Chilongani amefariki dunia. Narudia, maana mimi mwenyewe bado nagoma kuamini: Evarista, mwimbaji wetu wa Ipagala, yule mwenye gitaa na sauti ya kukwaruza, hatunaye. Jumanne ya wiki iliyopita aliniahidi albamu. Alhamisi nikapigiwa simu ya msiba.

Albamu yenyewe inaitwa Kihenge Kitupu. Hakuirekodi studio. Aliirekodi kwa simu, nyumbani kwao Mlali, akiwa ameketi ndani ya kihenge cha mtama cha mama yake. Kihenge kikiwa kitupu, sauti hutulia humo. Kikijaa, basi tena mpaka mwakani. Ndiyo maana alikuwa mbioni. Nilimtania, "We Eva, studio zote hizi za Dodoma, unajifungia na panya?" Akacheka. "Panya hawaniambii niimbe kama fulani."

Ulibaki wimbo mmoja. Jumatano mchana alikuwa akiuimba, akaitwa kula, akatoka. Alikula vizuri tu. Akasema kichwa kinamgonga, akajilaza. Hakuamka. Jamani! Mtu amekula ugali na mlenda, amewatania wadogo zake, halafu hakuamka.

Baada ya mazishi, kaka yake Sostenes alitaka wimbo ule ufutwe. "Haujaisha," alisema. "Watu watamcheka marehemu." Mama yao, Dorkasi, akakataa katakata. Mtama umeshapurwa, uko uani kwenye magunia, na kihenge hajakijaza. Majirani wanamwambia mvua haina adabu, yeye hasikii. Nilimwamkia shikamoo. Akanishika mkono. "Mwanangu, upigeni wote. Msikate pale ninapomwita."

Mama Dorkasi, kaka Sostenes, na ukoo wote wa Chilongani, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Na sisi tuliobaki, tutazame ni nani tunamwambia "kesho" kila siku, kana kwamba kesho tumeiweka kabatini.

Sasa tunaupiga wimbo wa mwisho wa Evarista. Hautakuwa na tangazo wala maneno yangu juu yake. Katikati mtamsikia mama akiita kutoka jikoni, "Evarista! Ugali unapoa!" Gitaa litanyamaza. Kisha mtamsikia yeye, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi wowote, akijibu, "Nakuja, mama."