Mwalimu Laurentine Kabamba na mwaka tulioombwa kuuruka

Tata na mama mliotoka mbali na karibu, familia imenituma mimi, Kalenga, niwasomee maisha ya dada yangu Laurentine Kabamba, nami nitayasoma yote.

Alizaliwa Kisenge tarehe 12 Agosti 1961, akasoma shule ya msingi huko huko, akapata diploma ya ualimu hapa Kolwezi mwaka 1981, na tangu Septemba 1982 akashika chaki katika shule ya msingi huku Musonoi.

Tarehe 20 Julai 1985 alifunga ndoa na Séraphin Badibanga, fundi wa mitambo ya mgodini, mzaliwa wa Musonoi, ambaye wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai, Kasai ambayo yeye hakuwahi kuikanyaga, na Mungu akawajalia Tatiana mwaka 1987 na Abigaëlle tarehe 4 Machi 1993.

Mwezi ule ule vijana wenye fimbo walipita mlango kwa mlango wakiwafukuza Wakasai wote, wakamtoa Séraphin nyumbani mwake wakimwambia arudi kwao, akalala chini stesheni pamoja na umati, akamkataza mkewe kumfuata na kichanga mahali ambapo watoto walikuwa wanakufa kwa kuhara, na tarehe 29 akapakiwa katika behewa la mizigo, akafa kabla ya kufika Kamina, akazikwa kando ya reli, na kaburi lake hatulijui hadi leo.

Mwaka 2004 mtihani wa shule uliuliza faida za reli, Abigaëlle akajibu kwamba ilisafirisha shaba na kuwarudisha Wakasai kwao, akapewa alama zote, akarudi nyumbani anacheka, na mama yake alipomuuliza kuhusu baba yake, mtoto akasema, "Tata alituacha, akarudi kwabo."

Laurentine hakula siku hiyo. Tangu hapo, kila Machi, aliwapeleka wanafunzi wake stesheni, akawaketisha chini pale pale na kuwafundisha yaliyotokea, na kwa sababu hiyo alisimamishwa kazi mwaka 2005 kwa kosa la kufundisha kisichomo katika programu ya masomo, akarudi, akafundisha tena. Mwaka 2019, walimu walipoombwa kupendekeza mambo ya karibuni ya kuongezwa katika somo la historia, alitaja mwaka 1993, akajibiwa kwamba asitoneshe vidonda. Vidonda vya nani, jamani, kama si vyake?

Aliugua figo tangu 2020, akatutoka tarehe 2 Juni 2022.

Na jana wakubwa wa kamati ya kilio walituomba, kwa heshima zote, tuseme tu kwamba mumewe alisafiri. Hakusafiri, alifukuzwa. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio ndicho hiki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia, walimu wenzake, hata wale waliomwogopa.

Mkifika makaburini mtaona msalaba mmoja wenye majina mawili, kama alivyoagiza mwenyewe, na watoto wenu watauliza huyu wa pili amelazwa wapi. Msiwanyamazishe, wajibuni pale pale, kwa maana hilo ndilo somo ambalo dada yangu alikatazwa kulifundisha.

Pumzika kwa amani, dada, na yeye pia, huko kando ya reli.