Mabosi Wanne na Kompaila Moja

Kijiwe chetu ni benchi nje ya duka la vipuri lililofungwa, na sheria yake ni moja: kila mtu ni bosi. Huna kazi, huna nauli, una degree inayokula vumbi, bado utaitwa bosi. Ukikataa, hupati kahawa. Asubuhi hiyo nilikuwa na laptop mapajani na hasira kifuani. Kampuni moja ilinipa mtihani: programu yangu ya lugha ya C iwake kwenye kifaa kidogo cha kupimia maji kabla ya saa sita mchana. Ikiwaka, naajiriwa.

— Bosi, mbona laptop inanguruma kama jenereta? aliuliza Kipaza, mtu asiyejua kunong'ona.

— Kompaila, ile ya kugeuza programu iwe lugha ya mashine, imegoma. Maktaba ya kawaida ya C, yaani mkusanyo wa vipande vya programu vilivyo tayari, ni kubwa, haienei kwenye kifaa. Ipo nyingine ndogo. Nimeandika skripti, programu fupi tu, ikae mlangoni: nikiita kompaila, inadaka amri, inaongeza "achana na kubwa, unganisha na ndogo," kisha inamwita kompaila afanye kazi.

— Kumbe dalali! akasema Wakili, aliyesoma sheria kwenye mabango ya "Usitupe taka hapa."

— Ndiyo. Nimempa jina lilelile la kompaila, nisibadilishe amri zangu.

— Akili hiyo! akasifu Kipaza.

Mstaafu akakohoa. Alistaafu kabla ya kuajiriwa.

— Ni wivu, bosi. Maktaba kubwa imesikia habari za ndogo. Mimi nimeoa mara mbili, usinibishie.

— Ni njama, akasema Wakili. Wenye maktaba kubwa wamekukatia intaneti.

— Seriously? Kazi hii haihitaji intaneti.

— Unaona? Washaikata mpaka huihitaji!

— Joto tu, akafoka Kipaza. Iweke chini ya benchi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Four years chuoni, nije nishauriwe na mvungu!

Hapo lori dogo likasimama. Akashuka mama mmoja mwenye cherehani kadhaa nyuma ya lori.

— Hamjambo? Nataka watu wawili wanipakulie. Nizungumze na nani?

— Zungumza na bosi, akasema Kipaza, kidole kwa Wakili.

— Aa, bosi ni yule, akasema Wakili, kidole kwa Mstaafu.

Mstaafu akaninyooshea mimi. Nami, bila kuinua macho:

— Mwone bosi pale. Kidole kwa Kipaza.

Mama akatutazama mmoja mmoja.

— Nyote mabosi. Sasa mfanyakazi ni nani?

Feni ya laptop ikazidi kunguruma.

Nikaganda. Dalali wangu ana jina la kompaila. Akimwita kompaila, anaitika mwenyewe, anajituma, anajiita tena. Tangu asubuhi kompaila halisi hajaguswa hata kidogo!

Nikambadilisha jina. Ndani ya skripti nikaandika njia kamili mpaka alipo kompaila halisi. Feni ikanyamaza. Programu ikatoka, nyembamba kama sindano. Nikaihamishia kwenye kifaa. Taa ya kijani ikawaka. Nikaituma, saa sita haijagonga.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! akashangilia Mstaafu, akidhani mgeni ni ile maktaba ndogo.

Nikainua kichwa kumshukuru mama. Lori lilishaondoka, na cherehani zake.

— Atarudi tu, akasema Wakili, akitikisa birika. Tupu. Kahawa nyingine anafuata nani?

— Bosi, tukajibu wote.