Pole ya Ghazala

Nyuma ya gereji za Industrial Area, Doha, kuna ubao uliolazwa juu ya ndoo mbili za rangi, na kila Ijumaa jioni Wakenya wa mtaa huo huugeuza bunge. Spika ni Jeremiah, bawabu wa hoteli huko Lusail, aitwaye Wakili kwa sababu hajawahi kushindwa kesi isiyomhusu. Kando yake huketi Levis, dereva wa lori, jina lake la utani Hasara. Kiptoo wanamwita Samadi kwa harufu anayokuja nayo, maana anatunza farasi katika zizi wanakopandishwa watoto wenye ulemavu ili viungo vyao vipate nguvu. Ijumaa hiyo Kiptoo alipokea kahawa yake na hakuinywa. Moyo ulikuwa umemvunjika, wala hakujaribu kuficha.

— Samadi, kwani umefiwa? Wakili akauliza.

— Bado. Kesho.

— Kifo gani hicho cha kupangiwa siku?

— Ghazala, farasi wangu. Kwato zimeharibika ndani, hata kusimama hawezi. Daktari anakuja asubuhi na sindano. Mudiri, meneja wetu, amesema khalas, basi. Na kamba nitashika mimi.

— Si wataleta mwingine? Hasara akasema. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mwenyeji ndiye anauawa, wewe!

Kiptoo akaeleza. Ghazala aliletwa zizini na kidonda, na kila Kiptoo alipomsafisha alimwambia, "Pole, mama, pole." Farasi akaelewa vyake: akisikia pole, anasimama tuli. Wenzake husimama kwa Kiarabu, yeye husimama kwa pole. Sasa kuna mtoto anaitwa Dana, ana miaka saba, alikuwa hajawahi kutamka neno. Siku moja, akiwa juu ya Ghazala, akasema, "Bole!"

— Bole ni nini?

— Kiarabu hakina p, buda. Na kwao bol ni mkojo. Mamake akapiga vigelegele, tukamshusha mtoto, akakimbizwa chooni. Wapi! Akarudishwa. "Bole!" Chooni tena.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Kiptoo naye akacheka, kisha akajichukia kwa kucheka.

— Kumbe alikuwa anamsimamisha farasi. Na Ghazala alisimama. Huyo mtoto hajawahi kutiiwa na mtu. Ndilo neno lake. Hana lingine.

Wakili akakohoa kiwakili.

— Mwambie daktari farasi ana mimba. Hakuna sheria inayoua mjamzito.

— Ameshazeeka, Wakili.

— Hata Sara wa Biblia alizaa akiwa ajuza!

— Zii, akasema Hasara. Mimi niko na lori. Tunampakia, turubai juu, tunamficha Al Wakrah. Tukisimamishwa tunasema ni friji.

— Friji inayokoroma?

— Friji mbovu! Ndiyo maana inapelekwa kwa fundi.

— Basi tumpake rangi farasi mwingine afanane naye, Wakili akagonga ndoo. Tumfundishe hiyo pole yenu. Samaki mkunje angali mbichi.

— Hamnisikii! Kiptoo akapaza sauti. Amelala chini tangu alfajiri, anatetemeka. Nikimwambia pole, anatulia. Kesho daktari atataka atulie, na mimi ndiye nitalisema. Neno la mtoto ndilo nitamuulia nalo.

Mzaha ukaishia hapo.

Mwishoni mwa ubao alikuwepo Tony, fundi wa viyoyozi aliyefika Doha wiki hiyo, naye akainua mkono.

— Samahani, wazee. Huyo mtoto ameambiwa?

— Hapana, Kiptoo akajibu. Mudiri anasema Jumapili apandishwe farasi mwingine tu. Ati hatajua tofauti.

— Na akisema neno lake, huyo mwingine asisimame?

— Hatasimama.

— Sasa mtoto atasema tena?

Hasara akainua birika, akaliweka chini bila kummiminia mtu. Kiptoo akafunika uso kwa viganja vyake, akalia mbele ya wanaume wenzake.